Mlango wa Zanzibar, chupa ya Bordeaux na mabega ya Wakonongo

Nimerudi salama kutoka Mpanda nikiwa na vumbi kwenye viatu na madoa mekundu kwenye shati. Vumbi ni la Inyonga. Madoa ni ya mvinyo, na hayo ndiyo yaliyonifanya nikae chini kuandika.

Kisa chenyewe ni hiki. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo, ambaye sasa yuko Ufaransa kimasomo, alikuja likizo akaniletea chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux. Sio ya yale majina makubwa ambayo bei yake inaweza kulipa kodi ya chumba mwaka mzima. Ni chupa ya majirani wa wakubwa hao, kutoka kijiji cha Saint-Estèphe, mavuno ya mwaka 2010. Pamoja na chupa akanionyesha picha kwenye simu yake: mlango mkubwa wa mbao, umenakshiwa. "Unaujua huu?" akaniuliza. Nikajibu bila kufikiri mara mbili: Mji Mkongwe, Unguja. Akacheka sana.

Mlango ule uko hukohuko Saint-Estèphe, kwenye jengo la Château Cos d'Estournel, na wenyewe husimulia kwamba ulitoka katika jumba la Sultani wa Zanzibar.

Jamani! Nilikaa na picha ile kichwani siku tatu. Tumezoea kuambiwa kwamba mvinyo mzuri ni mambo ya Wazungu, sisi tutaupenda tu tukishajifunza kushika glasi vizuri. Kumbe kwenye kitovu chenyewe cha mambo hayo pamesimama mlango wa kwetu. Nikaamua kwamba chupa ile siifungui Dar, kwenye baa yenye kiyoyozi na watu wanaojifanya wanajua. Nitaifungulia Mpanda, kwetu upande wa mama. Sababu utaziona mbele ya safari, maana lazima kwanza tupite kwenye historia kidogo. Kaa vizuri.

Bordeaux ni mji wa bandari kusini-magharibi mwa Ufaransa, kando ya mto Garonne. Mvinyo wake mwekundu hautokani na zabibu ya aina moja. Wanachanganya, hasa Cabernet Sauvignon na Merlot. Cabernet inatoa mifupa, Merlot inatoa nyama. Ndiyo maana leo mtu wa Afrika Kusini, wa Chile au wa California akichanganya zabibu hizo, watu husema ametengeneza mvinyo wa mtindo wa Bordeaux.

Mwaka 1855 kulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Paris, chini ya Napoleon III. Madalali wa Bordeaux wakatakiwa waorodheshe mivinyo yao bora kwa madaraja. Mivinyo myekundu ikapangwa katika madaraja matano, na kipimo kikuu kilikuwa bei. Sio ulimi wa fundi, ni bei! Orodha ile haijaguswa sana tangu hapo. Badiliko kubwa linalokumbukwa ni la mwaka 1973, Mouton Rothschild alipopandishwa kutoka daraja la pili kwenda la kwanza. Cos d'Estournel, mwenye mlango wetu, aliwekwa daraja la pili.

Kuhusu mwaka kwenye chupa, huo ni mwaka wa mavuno, sio wa kuuza. Bordeaux kila mwaka una tabia yake kwa sababu hali ya hewa yao haitabiriki. Mwaka 2013 masika yao yalikuwa ya baridi na mvua, maua yakaharibika, mavuno yakawa kidogo na dhaifu. Mwaka 2010 kiangazi kilikuwa kikavu na usiku wa baridi, zabibu zikaiva polepole, zikawa na sukari ya kutosha bila kupoteza uchachu. Mvinyo wa mwaka kama huo ni mkali ukiwa mchanga, lakini unavumilia miaka mingi. Kwa hiyo anayeonja mvinyo mzuri anaonja pia kumbukumbu ya mvua na jua la mwaka fulani, kwenye ardhi fulani. Shika maneno hayo, tutayarudia.

Sasa turudi mlangoni. Louis-Gaspard d'Estournel, mwenye shamba lile katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alikuwa akiuza mvinyo wake hadi India. Ilikuwepo imani kwamba mvinyo uliosafiri baharini kwenda India na kurudi ulikuwa mtamu zaidi, na chupa za namna hiyo zilipewa sifa ya kwamba zimerudi kutoka India. Akajenga ghala lenye minara ya kimashariki, ambayo ipo mpaka leo. Bahari ile ya Hindi ndiyo bahari yetu. Madalali walipokuwa wakiandika orodha yao Bordeaux mwaka 1855, Zanzibar ilikuwa bado chini ya Seyyid Said, aliyefariki mwaka uliofuata. Misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa tayari inafika Ujiji. Pembe za ndovu zilitoka bara mabegani, nguo, shanga na bunduki zikaingia bara mabegani. Mlango wa jumba la Sultani ni mbao tu, lakini utajiri uliomwezesha mtu kuchonga mlango wa namna ile ulipita Tabora, Ukonongo na Ukawendi.

Na Bordeaux nayo haikutajirika kwa zabibu peke yake. Ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za Ufaransa katika biashara ya watumwa. Meli zake zilifanya safari karibu 500 za biashara hiyo, zikachukua zaidi ya watu 120,000 kutoka Afrika. Wengi walitoka pwani ya magharibi, lakini pwani yetu ya mashariki haikusalimika. Mwaka 2019 mji wa Bordeaux ulisimamisha kando ya Garonne sanamu ya mwanamke aliyeitwa Al Pouessi, ambaye baadaye alipewa jina la Modeste Testas. Inaaminika alizaliwa Ethiopia. Alinunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux, akaishia Saint-Domingue, nchi tunayoiita leo Haiti. Kwa hiyo mashariki mwa Afrika tuna vitu viwili kwao: mlango mmoja na sanamu moja. Mlango unasifiwa katika habari za mvinyo. Sanamu imechelewa karne mbili.

Nisije nikaonekana namlaumu kila mtu anayekunywa glasi. Mimi mwenyewe nimekunywa, tena nitakwambia ilikuwaje. Nataka tu tujue tunakunywa nini.

Hebu tuangalie maneno yetu kwanza, maana lugha haisahau. Tuna maneno matatu ya mambo haya na yote yaliingia kwa milango tofauti. Zabibu ni Kiarabu, na kwa Kiarabu neno hilo ni la zabibu kavu, sio mbichi. Maana yake tunda hili lilitufikia kwanza likiwa limekaushwa, kwenye jahazi. Mvinyo ni neno la Wareno, waliofika pwani yetu na Vasco da Gama mwaka 1498. Divai ni la Wafaransa, linatokana na namna wanavyosema "mvinyo kidogo" wanapoomba kwenye meza, na limebaki zaidi kanisani. Mababu zetu walisikia, wakaokota, wakaweka mfukoni. Lakini kusikia jina la kinywaji sio kukionja.

Twende bara sasa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa anamtafuta Livingstone. Njia ya moja kwa moja kutoka Tabora kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo. Stanley akapinda kusini-magharibi, akapita Ukonongo na Ukawendi, yaani akakatiza nchi ambayo sehemu yake kubwa leo tunaiita Mkoa wa Katavi, ndipo akapanda kaskazini kuelekea Malagarasi. Kwa hesabu ya shajara yake alifika Ujiji tarehe 10 Novemba. Kila mtu anayajua yale maneno yake ya kumsalimu Livingstone. Wachache wanakumbuka kilichofuata siku hiyo: Stanley aliagiza iletwe chupa ya shampeni ya Sillery, kijiji cha jimbo la Champagne huko Ufaransa, wakanywa kwa vikombe vya fedha.

Chupa ile ilikuwa safarini tangu pwani. Iliikwepa vita ya Mirambo, ikavuka mito, ikapita katikati ya misitu ya miombo ya Ukonongo. Mvinyo huo mzuri ulipita Katavi begani mwa mtu, na aliyeubeba hatajwi. Livingstone anatajwa, Stanley anatajwa, hata kijiji cha Sillery kinatajwa.

Halafu ikaja Karema. Kama hujafika Karema, ni kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, magharibi ya Mpanda, mahali ambapo siku hizi pamejengwa bandari ya kuelekea Kongo. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo pale kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold II. Mwaka huohuo Wabelgiji wakajaribu jambo la ajabu: walileta tembo wanne kutoka India, pamoja na watunzaji wao, wakashushwa pwani ya Msasani ili wabebe mizigo kwenda Karema badala ya watu. Jaribio lile likashindwa, tembo wakafa. Aliyewaongoza, Kapteni Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880. Mpimbwe hiihii ya Katavi. Basi mizigo ikarudi palepale ilipokuwa, mabegani mwa watu.

Mwaka 1885 Wabelgiji wakawakabidhi Karema Mapadri Weupe, wamisionari wa Kardinali Lavigerie. Na hapa ndipo divai inapoingia Katavi kukaa, sio kupita. Lavigerie alizaliwa Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, sio mbali sana na Bordeaux. Shirika lake alilianzisha Algeria mwaka 1868, na makao yake ya Maison-Carrée yalikuwa na mashamba ya mizabibu. Ulikuwa wakati mzuri wa kulima zabibu Algeria, kwa sababu mizabibu ya Ufaransa ilikuwa inakufa. Kijidudu kidogo kinachoitwa filoksera, kilichotoka Amerika, kilishambulia mizizi kuanzia miaka ya 1860 na kikaimaliza mizabibu mingi, pamoja na ya Bordeaux. Waliponea kwa kupandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Kiamerika ambayo yanamvumilia mdudu huyo. Kwa hiyo hata mvinyo unaojivunia udongo wake kuliko mwingine wowote, mizizi yake ni ya ugenini.

Padri hawezi kuadhimisha misa bila divai, na sheria ya Kanisa inataka iwe ya zabibu halisi na isiwe imeharibika. Zabibu hazikuwepo Karema. Kwa hiyo ilibebwa. Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulitoka Bagamoyo Juni 1878 na kufika Ujiji Januari 1879, miezi saba. Piga hesabu na mimi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Chupa iliyojaa, pamoja na kioo chake, inakaribia kilo moja na nusu. Mtu mmoja, basi, anabeba chupa kama 20. Misa moja inahitaji vijiko vichache tu, hivyo chupa moja inaweza kumtosha padri mmoja karibu mwezi. Begani mwa mpagazi mmoja kulikuwa na misa za zaidi ya mwaka na nusu. Kwa joto la njia ile, mvinyo mkavu kama wa Bordeaux ungegeuka siki mapema. Mvinyo mtamu wenye kileo zaidi ndio unaovumilia.

Karema alikuja pia mtu mmoja ambaye nikimkumbuka natamani tungemfundisha shuleni kabla ya Stanley. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa ziwani hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Wakati Bordeaux wanahesabu madaraja kwa bei, mtu aliyewahi kuwekewa bei yeye mwenyewe alikuwa Karema anafunga vidonda. Siku nikiambiwa nitaje mtu wa daraja la kwanza katika historia ya mkoa huu, namtaja yeye.

Kuna jambo jingine linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Misafara yote ile ya kutoka Bagamoyo ilipita Ugogo. Waliichukia Ugogo: kiu, jua, na hongo kwa kila mtemi. Walipita pale na divai yao, wakikanyaga ardhi ambayo katikati ya karne ya 20 wamisionari wengine wa Kikatoliki waliotesha mizabibu, Bihawana, na ikakubali. Baadaye serikali ikaanzisha kampuni ya mvinyo Dodoma na kituo cha utafiti Makutupora, na leo Hombolo na vijiji vingine vinaishi kwa zabibu. Dodoma haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima anaulaza kwa kuukata matawi, ukiamka unazaa tena, ndiyo maana wanavuna mara mbili kwa mwaka. Walibeba divai maelfu ya kilomita, kumbe kisima chake kilikuwa njiani chini ya nyayo zao.

Haya, sasa Mpanda.

Nilifika jioni, mwezi wa kumi, joto la kukufanya uzungumze peke yako. Nilibeba chupa mbili: ile ya Saint-Estèphe, na nyingine nyekundu kavu ya Dodoma niliyoinunua palepale mjini. Tulikuwa watu watatu nyumbani Makanyagio. Mimi, rafiki yangu mwalimu wa historia wa sekondari, na babu yangu, mdogo wake babu mzaa mama, ambaye nilimfuata Inyonga siku moja kabla. Babu ni mrina asali. Ameweka mizinga tangu kabla ya uhuru.

"Shikamoo babu. Leo nataka unisaidie kazi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kazi gani ya usiku?"

"Ya ulimi."

Akacheka. Ulimi ndio kazi yake. Mpe kijiko cha asali, atakwambia kama nyuki walikuwa kwenye miyombo au mahali pengine, kama ilirinwa mwezi wa sita au kabla ya mvua, na kama mrinaji alikuwa na haraka na moshi. Hakusoma popote.

Vitabu vinasema mvinyo wa namna hii unywewe ukiwa na joto la nyuzi 18 hivi. Mpanda ilikuwa zaidi ya 30. Friji haikuwa na umeme. Babu akasema tia chupa ndani ya mtungi. Mtungi wa udongo, maji yanatoka jasho upande wa nje, ndani panapoa. Baada ya saa moja na nusu chupa ilikuwa safi kabisa. Kizibo kikakatika katikati, kama ilivyo kawaida yangu, nusu yake ikazama, na hapo ndipo shati langu lilipopata madoa. Tukachuja kwenye jagi, mashapo yakabaki chini ya chupa.

Rangi: nyekundu ya giza, pembeni inaelekea rangi ya tofali. Hiyo ni dalili ya umri. Harufu: hapa ndipo ninapokuwaga mpumbavu, maana wataalamu wanaandika matunda ambayo sijawahi kuyaona mtini. Nikainusa, nikapata zambarau iliyoiva sana. Mwalimu akapata penseli iliyochongwa sasa hivi. Babu akainusa muda mrefu, akafumba macho.

"Bani," akasema.

Bani ni lile banda la kukaushia tumbaku, na nchi hii imejaa mabani. Nikasisimka, kwa sababu tumbaku ni moja ya harufu ambazo waonjaji huitaja sana kwenye Bordeaux iliyokomaa. Tofauti ni kwamba wengi wao wanaijua tumbaku ya kwenye sigara. Babu anaijua ikiwa bado inaning'inia, inabadilika kutoka kijani kuwa njano.

Tukaonja. Uchachu upo, umekaa wima. Kisha ule ukavu unaoshika fizi, unaoitwa tanini, uleule unaoupata kwenye chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Babu alisema ni kama kutafuna gome la mti, "lakini gome la mti mzuri." Kilichonishangaza ni urefu. Unameza, unahesabu hadi 20, bado upo mdomoni, na unabadilika: kwanza tunda, kisha mbao, kisha kitu kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza.

Chupa ya Dodoma ikafuata. Nisiwadanganye kwa uzalendo: haikuifikia ile. Ilikuwa na tunda zuri la mbele, changamfu, yenye moshi kidogo, ikaisha haraka. Haikuandikwa mwaka wa mavuno, kwa hiyo hatukujua tunaonja jua la lini. Lakini kwa migebuka ya kukaanga ya ziwani, ile ya Dodoma ilienda vizuri zaidi. Bordeaux iligombana na samaki mpaka mwisho. Ingetaka nyama.

"Babu, unaipa ngapi ile ya kwanza?"

"Siwezi kuipa namba. Hii ni ya mwaka mkavu," akasema. "Mwaka wa mvua asali inakuwa nyingi na nyepesi. Mwaka mkavu inakuwa kidogo, na nzito, na inakaa. Waliovuna hii walipata jua."

Mwalimu na mimi tukatazamana. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu 2010.

Kisha akauliza imetoka wapi na imefikaje. Nikamweleza Bordeaux, ndege, Dar, basi. Nikamweleza na misafara ya Karema. Akanyamaza kidogo, akasema babu yake yeye alikuwa mpagazi ujanani, kati ya Tabora na ziwani, kabla reli haijafika. Wazee walisimulia kwamba kulikuwa na masanduku ambayo ukiyatua kwa kishindo unakatwa ujira. Yalikuwa yanalia ndani kama chupa. Babu yake hakuwahi kuambiwa kuna nini.

Siwezi kujua kama ilikuwa divai ya padri, dawa, au mafuta ya taa. Naye hajui. Akachukua glasi yake, akamalizia kilichobaki taratibu, akasema, "Basi leo tumefungua."

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi wa njia ile ikaanza kufa. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, lilijengwa baada ya Vita vya Pili kwa ajili ya madini ya risasi, na mgodi ule ukafungwa mwaka 1960. Divai ya misa siku hizi inafika kwa gari, na Mpanda ni jimbo Katoliki linalojitegemea tangu mwaka 2000. Hakuna anayebeba sanduku begani kwa miezi saba. Lakini tabia ile ya kubeba bila kuambiwa kilichomo bado tunayo. Tunarina asali inayosifiwa mbali na hapa, inaondoka kwenye madumu bila jina la msitu wala mwaka. Tunalima tumbaku, harufu yake inasifiwa kwenye glasi za watu wengine, na mkulima anagombania malipo. Wabordeaux walitushinda kwa jambo moja rahisi: waliandika. Waliandika kijiji, wakaandika mwaka, wakaandika daraja, wakashikilia hapo zaidi ya miaka 160 mpaka dunia ikakubali. Ufundi wa kuonja, babu yangu anao. Kilichopungua ni karatasi kwenye dumu.

Kwa hiyo tathmini yangu ya chupa ile ni hii. Saint-Estèphe, 2010. Zambarau, penseli, bani la tumbaku. Uchachu mzuri, tanini ya gome la mti mzuri, mwisho mrefu. Ni mvinyo wa mwaka mkavu, kwa mujibu wa mrina asali wa Inyonga. Haufai kwa migebuka.

Kabla sijaondoka babu alinipa chupa ya asali, ileile chupa ya Saint-Estèphe aliyoiosha kwa maji ya moto na kuikausha juani. Nilichukua kalamu na kipande cha karatasi, nikamuuliza niandike nini. Akafikiri. Akanitajia msitu, mwezi na mwaka. Nimeibandika juu ya ile karatasi ya Kifaransa, na sasa iko mezani kwangu ninapoandika haya.